Nyumba Isiyoguswa

Tagut, Jumatano 24 Oktoba 2001

Mdogo wangu Tawes,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa. Ningekupigia simu, lakini tangu vijana walipoichoma posta kwenye ghasia za mwezi wa Aprili, simu ya kijiji ni waya unaoning'inia ukutani na mbuzi wa jirani wanautafuna. Barua hii nampa Ramdan wa basi, naye atakuletea mpaka langoni pa hospitali yako. Mpe kahawa, maana analalamika kwamba wewe unakumbuka kusoma barua tu na unamsahau aliyezibeba.

Alhamisi iliyopita tulifanya timeshret, mgao wetu wa nyama wa kijiji kizima, wa kufungua msimu wa kulima. Safari hii ng'ombe nilimnunua mimi kwa niaba ya kijiji, dume lenye shingo nene kweli. Nyama ilikatwa mafungu sawa kama walivyofanya baba zetu, na kila nyumba ikapata lake, tajiri na maskini. Ungekuwapo ungelia. Au ungesema nyama ni nyingi mno kwa afya ya moyo wangu.

Sasa nikuulize jambo la kidaktari. Wifi yako Uardia ametokwa na kipele kidoleni. Mwanzo ilikuwa kama amechomwa na mwiba wa mlimau, kisha kikawa lengelenge, na sasa katikati pamekuwa peusi kama kaa la moto lililozimika. Mkono umevimba mpaka kiwiko, lakini anasema kidonda chenyewe hakimuumi hata kidogo. Ningekaa kimya kama ingekuwa yeye peke yake. Mke wa mwenye duka la kahawa anacho. Mama yake Lunis anacho. Kwenye ukoo wa Ait Said wanacho wawili. Nimezunguka nyumba kwa nyumba, mimi ndiye mkuu wa baraza mwaka huu, na kila ninapoingia mtu ananionyesha mkono.

Je, kuna dawa ya kupaka? Watu wameanza kuogopa, na ukweli ni kwamba na mimi sijisikii vizuri moyoni.

Kaka yako,
Mezian


Aljeri, Jumamosi 27 Oktoba 2001

Dda Mezian,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido. Kidonda cheusi kisichouma, kilichozungukwa na uvimbe: hicho ni kimeta. Si cha kupaka dawa. Kinaua kikiachwa.

Huku kwetu hakuna anayelala. Televisheni inaonyesha watu wa Marekani waliovaa vinyago wakibeba bahasha zenye unga wa kimeta kwa koleo. Wiki hii tuliifunga wodi nzima kwa sababu unga mweupe ulionekana juu ya meza ya mapokezi. Ulikuwa unga wa sabuni, mfagiaji aliumwaga. Lakini kwa saa zile kabla hatujajua, nilimwona profesa wangu, mtu mzima, akinawa mikono huku akilia.

Nisikilize kwa makini. Kimeta cha kawaida tunakijua: humshika mchunaji ngozi mmoja, mchungaji mmoja. Hakipigi hodi kila nyumba kwa wiki moja. Ndiyo maana ninaogopa, Dda, kaka yangu. Niambie, kuna mgeni aliyepita? Kuna mfuko, unga, kitu chochote kilichomwagwa karibu na chemchemi? Kuna mnyama aliyekufa? Na zaidi ya yote nitafutie nyumba ambayo haikuguswa. Katika kazi yetu wasiougua ndio wanaotufundisha ugonjwa umepitia wapi. Ukiipata nyumba hiyo tumepata jibu.

Wote wachemshe maji. Mwenye kidonda asikikamue. Dawa naitafuta, nitaituma kwa Ramdan safari ijayo. Sijamwambia mtu hapa hospitalini. Nikilitamka neno hilo leo, wataleta malori ya jeshi, na unajua malori yakipanda Tagut baada ya ghasia zile za Aprili itakuwaje.

Mbusu binti yako Sekura kwa niaba yangu, lakini shavuni, si mikononi.

Tawes


Tagut, Alhamisi 1 Novemba 2001

Tawes,

Dda Waeli amekufa. Hakuwa na kidonda. Tumbo lilimvimba kama ngoma, akatapika damu, na siku ya pili akawa amekwenda. Ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu kwa miaka yote, alikuchinjia hata kondoo wa sherehe yako ya udaktari. Waliomwosha walifunga vitambaa puani. Aibu iliyoje, kumwosha mzee kama yule kwa vijiti.

Barua yako niliisoma mbele ya baraza zima. Barua ya daktari haisomwi chumbani, ni ya kijiji. Nilipofika kwenye neno lile kimeta, hata wazee waliokuwa wamesinzia walifungua macho. Nilipofika kwenye nyumba isiyoguswa, nilisoma mara mbili. Hapakuwa na haja ya kulitaja jina.

Ni nyumba ya Hamu.

Yeye hana kitu, mkewe Jedjiga hana kitu, watoto wao wanarukaruka kama ndama. Kijiji kizima kimefunga vitambaa mikononi, na mtu aliyekaa miaka miwili porini na wale wenye bunduki, akarudi kwa msamaha wa serikali bila hata kuinamisha kichwa, nyumba yake ni nzima. Wewe na mimi tunajua wale wa porini walimfanya nini mdogo wetu Yidir pale barabarani kwenye kizuizi cha uongo. Hamu anasema siku ile hakuwapo. Kila mmoja wao anasema hakuwapo.

Lunis anasema alimwona wiki ya timeshret akishuka kwenye chemchemi alfajiri na mfuko. Hamu anajibu ulikuwa mfuko wa chokaa ya kupaka zizi. Chokaa ni nyeupe, Tawes. Sasa hakuna anayeteka maji pale, tunakinga ya mvua.

Sekura amepata kipele kwenye kope la kushoto. Fanya haraka.

Mezian


Aljeri, Jumapili 4 Novemba 2001

Dda Mezian,

Nimelia kwa Dda Waeli na nimelia zaidi kwa kope la Sekura. Ramdan amebeba kifurushi cha vidonge, vyote nilivyoweza kupata bila kuulizwa maswali. Tafadhali soma hapa pole pole: ni vya wagonjwa tu. Kila mgonjwa amalize dozi nzima niliyoandika juu ya kifurushi. Anzeni na Sekura na wale wenye homa. Nusu ya dozi ni sawa na bure.

Kuhusu Hamu, sijui nikuambie nini. Nilipolisoma jina lake nilimwona Yidir na koti lake la kijani. Sitaki kuamini kwamba mtu anaweza kuubeba ugonjwa mfukoni na kuwamwagia watu aliokua nao. Lakini mwezi huu dunia nzima inaamini mambo ambayo mwezi wa nane tungeyacheka. Msimguse. Ila msimwache karibu na maji.

Sikupata jibu la swali langu jingine, kwa hiyo narudia. Kuna mnyama yeyote aliyekufa, ng'ombe, kondoo, punda? Na ngozi ya dume la timeshret iko wapi? Nijibu, hata kama unaona ni maswali ya kipumbavu ya mtu wa mjini.

Nikifumba macho naona mikono myeusi. Jana nilimkemea mgonjwa aliyenipa bahasha, kumbe ndani mlikuwa na picha ya mjukuu wake.

Tawes wako


Tagut, Jumatano 7 Novemba 2001

Tawes,

Vidonge vimefika, Mungu akulinde. Tumevigawa. Baraza lilikaa, tukavimwaga juu ya shuka jeupe na kugawa mafungu sawa, kila nyumba fungu lake. Najua uliandika wagonjwa tu, lakini nani angekubali? Ait Said wapate vingi na kwa Lunis vichache? Wangenichinja mimi. Usinicheke, ndivyo Tagut inavyogawa.

Hamu tumemfungia kwenye nyumba ya kukamulia zeituni, ile ya zamani. Ufunguo ninao mimi. Nilifanya hivyo kumwokoa pia, maana vijana walitaka kuichoma nyumba yake na watu ndani. Baraza kamili litakaa Ijumaa ya kabla ya Ramadhani, ndipo tutaamua. Huku tangu Aprili hakuna askari wa kumpelekea, unalijua hilo. Yatakayoamuliwa tutayafanya wenyewe.

Hakuna mnyama aliyekufa Tagut. Naapa kwa kaburi la Yidir. Kuhusu ngozi, ngozi ni ngozi, iuzwe ama isiuzwe, sioni inakuhusu nini wakati adui tumeshamkamata.

Usiniulize tena hayo.

Mezian


Tagut, Alhamisi 8 Novemba 2001

Wifi yangu Tawes,

Ni mimi Uardia. Usicheke mwandiko, niliishia darasa la sita, na Sekura ananisahihisha kwa jicho moja, la pili limefungwa kwa uvimbe. Kaka yako hajui kama naandika. Ramdan nimempa mayai ili afunge mdomo, na akisema nitayadai mayai yangu.

Vidonge vilivyoifikia nyumba yetu vilikuwa vya siku mbili tu. Vyote nimempa mtoto. Uvimbe ulipungua kidogo, sasa unarudi. Mimi kidole changu kimekauka, kimekuwa kama kokwa la zeituni. Siogopi kidole. Naogopa jicho la mwanangu, na naogopa kaka yako.

Analala na shati. Mwanaume ambaye miaka yote anatupa nguo sakafuni nami naokota, sasa analala na shati lenye mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni. Nikimgusa anasema baridi. Usiku anakoroma kama kawaida yake, sauti ya gari la taka, kisha ghafla ananyamaza na najua yuko macho.

Na lile dume, wifi, tangu mwanzo halikunipendeza. Usiku wa kuamkia timeshret lilikuwa kwenye zizi letu likitetemeka. Alfajiri likaanguka. Kaka yako alikimbia bila viatu kumwita Dda Waeli, mzee akaja na kisu akiwa bado na nguo ya kulalia, akawahi kulikata likiwa bado linapiga teke. Nikamsikia akisema, "Amepumua, Mezian, umeona amepumua, ni halali." Damu ilikuwa nyeusi na haikuganda, nilimwaga ndoo kumi za maji uani. Wanaume wale wawili wakachoma kipande cha ini palepale, kama desturi. Kaka yako alitafuna kidogo akatema, akasema hana hamu. Dda Waeli alilimaliza lote. Nikaambiwa nisiseme, kijiji kimechanga kwa ajili ya dume zima na si dume lililoanguka.

Nimeandika haya ili niyatue, sijui kama yana maana. Kuna jingine linalonikaa rohoni. Jedjiga, mke wa Hamu, alikuja siku ile na bakuli lake kama wanawake wote. Lilikuwa limeoshwa linang'aa. Alisimama kwenye mstari. Zamu yake ilipofika Lunis, aliyekuwa akiita majina, alimwambia, "Rudi, dada, jina lenu halimo, hili ni la watu wa kijiji." Akarudi na bakuli tupu mbele yetu sote, na mimi niliangalia pembeni. Tangu mumewe arudi ni hivyo kila mgao, lakini alikuwa hajawahi kuja mwenyewe. Sasa mumewe yuko kwenye baridi ile na yeye anapita mlangoni kwetu hanisalimu.

Kama kuna dawa nyingine, niletee mimi, usimletee kaka yako.

Uardia


Aljeri, Jumanne 13 Novemba 2001

Uardia, wifi yangu, dada yangu,

Barua yako ilikaa mfukoni mwa Ramdan siku nne. Jumamosi mvua iliua mamia ya watu hapa mjini, barabara zimegeuka mito ya matope, na sisi tumekuwa tukiopoa, kufunga na kufunika. Nimeisoma leo asubuhi nikiwa na matope mpaka magotini. Nikakaa chini sakafuni.

Hakuna aliyemwaga kitu. Hakuna mfuko wa sumu. Dume lilikuwa na kimeta. Kuchinja kabla hajafa kunaifanya nyama iwe halali lakini hakuui ugonjwa ulio ndani ya damu. Dda Waeli alilila lile ini likiwa nusu bichi. Ninyi wanawake mliishika nyama mbichi kwa mikono yenu, mkaikata, mkaiosha, kisha mkajifuta jasho au mkawafuta watoto uso. Ugonjwa umeingia kila nyumba kwa sababu nyama iliingia kila nyumba, mafungu sawa, kama baba zetu.

Na nyumba ya Hamu haikuguswa kwa sababu mliinyima.

Hilo ndilo jibu la swali langu, Uardia. Niliuliza kama daktari na nikaandika kama mtu aliyeona televisheni kupita kiasi. Sikukumbuka kwamba kuna nyumba Tagut isiyopewa. Mezian aliniandikia kila nyumba imepata lake, na hakudhani anadanganya, kwake ile si nyumba. Nami nikasema msimwache karibu na maji. Mimi, niliyesoma. Nimemsaidia kufunga mlango ule.

Hakuna mnyama aliyekufa, kaniapia kwa kaburi la Yidir. Kweli hakufa, alichinjwa. Nimewaza kiapo hicho siku nzima na nimemwogopa kaka yangu kuliko unga wowote. Shati lile analolala nalo, lifungue. Mkono ulioshika pembe wakati Dda Waeli anakata lazima una kitu.

Barua hii usimpe. Akiisoma barazani ataisoma anavyotaka. Baraza ni la wanaume, wewe hutaingia. Lakini baraza ni Ijumaa, siku tatu tu kutoka leo, na wewe una mdomo na unajua kusoma. Isome mahali ambapo itasikika.

Na itafuteni ngozi. Asiishike mtu kwa mikono mitupu. Ngozi ndiyo mbaya kuliko vyote, inakaa na ugonjwa miaka na miaka. Dawa ninayo, nimeomba ruhusa, barabara ikifunguka napanda mwenyewe.

Tawes


Tagut, Jumamosi 17 Novemba 2001, Ramadhani mosi

Wifi,

Naandika haraka, Ramdan anapiga honi.

Nilisoma kwenye chemchemi. Nilienda Ijumaa asubuhi na mtungi, wanawake wakaniona na kushangaa, maana hakuna aliyeteka pale tangu jina la Hamu litajwe. Nikajaza mtungi, nikanywa mbele yao. Mama mzee Nna Zahra akapiga kelele, "Umechoka kuishi?" Nikamwambia, "Nimechoka kubeba maji ya paa yenye mavi ya njiwa. Kaeni chini, nina barua." Wakaja wote kwa sababu ya umbea, Mungu aubariki umbea wao.

Nilisoma neno kwa neno. Nilipofika kwa dume lililoanguka nilisimama, kwa sababu hapo nilikuwa namvua mume wangu nguo mbele ya kijiji. Kisha nikaendelea. Mama yake Lunis aliufungua mkono wake, akautazama, akasema, "Basi ni fungu langu hili." Mwanawe ndiye aliyemrudisha Jedjiga na bakuli, na mama huyo alikuwa nyuma ya Jedjiga kwenye mstari.

Tukapanda mpaka barazani. Hatukupanga, tulijikuta tunapanda, na wanaume walikuwa ndani ya baraza wakijadili. Kelele zao zilisikika mpaka njiani, Lunis akisema moto ndio unaosafisha. Nilisimama mlangoni pa baraza, mahali ambapo sijawahi kusimama maishani, nikamwambia kaka yako mbele yao, "Mezian, ufunguo." Akasema, "Rudi nyumbani." Nikamwambia, "Vua shati."

Wifi, aliwatazama wenzake kwanza. Kisha akafungua kifungo cha mkono, akakunja. Kilikuwepo, kikubwa kuliko changu, kimekauka. Akaniwekea ufunguo mkononi bila kunitazama.

Jedjiga alikuwa mbele tulipofungua. Ndani ni giza na kunanuka mafuta ya zamani. Hamu alikuwa amekaa nyuma ya jiwe la kusagia. Baridi ya wiki hii umeisikia, na hawakumwachia hata burnusi ya kujifunika. Alikuwa amejifunika kitu kizito, nikadhani ni gunia. Jedjiga alipomvuta kwenye mwanga tukaona.

Ni ngozi. Ngozi ya lile dume, imepakwa chumvi. Kaka yako aliificha mle ili isionekane mpaka mnunuzi apite. Nilimgeukia, alikuwa amefika nyuma yetu. Akasema polepole, "Niliisahau. Wallahi niliisahau." Namwamini, na hilo ndilo baya zaidi.

Hamu ana kipele shingoni, kidogo, kama ameumwa na mbu. Na kingine begani. Anasema havimuumi.

Nyumba yake haikupata vidonge, unajua walivyogawa. Nikakimbilia nyumbani nikakumbuka vyetu vimekwisha. Nilirudi nimeshika kichwa. Nikamkuta mama yake Lunis uani kwa Jedjiga ameleta viwili alivyovificha kwenye kitambaa. Kisha Nna Zahra akaleta kimoja. Kisha wa kwa Ait Said. Wanawake walipanga mstari mlangoni kwake na Jedjiga akasimama na lile bakuli, na kila mmoja akatumbukiza. Wengine walileta nusu. Mmoja alileta cha maumivu ya kichwa, hajui kusoma.

Bakuli halijajaa. Sijui kama vinatosha, sijui anywe vingapi. Leo shingo imevimba, sauti haitoki vizuri. Jicho la Sekura nalo limefunga kabisa. Njoo, Tawes. Kwa mguu kama hakuna gari. Njoo.

Uardia


Tagut, Jumamosi 15 Desemba 2001

Kwa Daktari Tawes,

Amani iwe kwako. Ni Hamu. Ulipokuja na sindano zako niligeuza uso ukutani siku zote ulizokaa na sikukujibu hata salamu. Jedjiga alinisema kwa hilo. Uliniambia, "Swali lilikuwa langu, Hamu, nisamehe," na mimi nilijifanya nimelala. Sikuwa nimelala.

Shingo imepona, limebaki kovu kama la kamba. Binti wa kaka yako anaona vizuri, kope tu ndilo limevutika kidogo, watoto wangu wanamwita Jicho-Kucheka naye anawatupia mawe. Wanacheza pamoja sasa. Hilo nimeona nikuambie.

Uliitafuta nyumba isiyoguswa. Imeshaguswa, kwa hiyo sisi ni watu wa kijiji. Nasema hivi bila uchungu mwingi. Porini nilikaa na watu waliotaka kumwogofya kila mtu, na nilitoroka kwa sababu niliwaogopa. Nilidhani najua woga wote ulivyo. Sikuwa nimewahi kusikia kupitia tundu la mlango majirani zangu wakibishana kuhusu kuni, nyingi au chache. Mpaka leo nikisikia mtu anakata kuni naamka.

Hawajawahi kutuomba radhi kwa mdomo. Hapa watu hawajui. Wananisalimu kwa sauti kubwa kupita kiasi. Kaka yako ameacha ukuu wa baraza, hakai tena kwenye benchi la mbele, anapita pembeni pembeni ya ukuta. Ngozi waliichoma na kuizika kwenye shimo refu kama ulivyoagiza, na chokaa juu yake ilikuwa ile yangu ya zizi.

Kesho ni Idi. Leo wamefanya mgao. Dume limetoka bonde jingine, daktari wa mifugo amelipima na kupiga muhuri, Ramdan anasema. Mimi sikuuona muhuri. Jedjiga hakwenda na bakuli, alisema hatasimama tena kwenye mstari ule maisha yake yote. Nilikubali.

Jioni hii mlango uligongwa. Nilisubiri kwanza, nina desturi hiyo siku hizi. Nilipofungua hapakuwa na mtu, ila nilimwona Mezian akishuka njia, mgongo wake ninaujua. Chini mlangoni palikuwa na sinia, limefunikwa kitambaa cheupe, na ndani yake fungu letu la nyama. Ni fungu sawa na la wengine, nimelipima kwa macho. Hata mfupa wa uboho wametia.

Jedjiga ameliweka mezani. Hajaligusa. Watoto wamekaa wanalitazama, wana njaa ya futari na hawajala nyama tangu mwaka jana, na mdogo ameniuliza mara mbili kama ni yetu kweli. Nimemwambia ni yetu. Kama Uardia, mke wa kaka yako, angeleta mwenyewe, angeingia, angekaa na kutucheka, ningejua. Lakini ameleta Mezian, gizani, na ameondoka bila kusema.

Ramdan anaondoka alfajiri, na nyama itakaa kwa baridi hii mpaka arudi na jibu. Wewe umesoma, na wewe ni dada yake.

Niambie, tule?

Hamu